Tulingoja Muimbaji, Hatukungoja Kilio



Tarehe 29 mwezi wa kumi inarudi tena, na kama kila mara kuna wenye kutuuliza: ninyi watu wa mapambano ya raia, mko na haja gani na mambo ya muziki? Wengine wanauliza kwa ukali. Wanasema barabara zimeharibika, mishahara inachelewa, mashariki watu wanakimbia vita, na ninyi mnatuletea habari ya Fally Ipupa. Leo tunajibu, na tunajibu kwa urefu, juu jambo hili tumelibishania sisi kwa sisi, na kuna usiku lilikuwa karibu kututenganisha.

Usiku wenyewe ni ule wa 28 Februari 2020. Ilikuwa siku ya tano. Hapa Kasomeno umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba ya mmoja wetu, telefone moja imeegemezwa kwenye birika, pawabanki moja, na mega tulizonunua kwa kuchanga franka kila mtu. Tulikuwa tunangoja picha za Paris. Fally alikuwa anarudi kuimba kule, kwenye ukumbi wa Bercy wenye kuingiza watu karibu 20,000, baada ya miaka karibu kumi ya kufungiwa njia.

Wadogo zetu wenye hawakuishi ile miaka waelewe vizuri. Wakongomani fulani wanaokaa Ulaya, wale wanaojiita combattants, walikata shauri kwamba wanamuziki wakubwa wa kutoka Kinshasa hawataimba tena Paris, Brussels wala London. Sababu yao ilikuwa ya siasa. Waliwashitaki waimbaji kuwa karibu na utawala wa Joseph Kabila, kula nao, kutupa majina yao ndani ya nyimbo, halafu kunyamaza wakati raia wanakufa. Konseri zikaanguka moja nyuma ya ingine. Mwaka 2017 Fally alipaswa kuimba La Cigale, ukumbi mdogo tu, na polisi ya Paris ikakataza kwa kuogopa fujo. Mwezi uliofuata Héritier Watanabe naye akafungiwa Olympia. Ikawa mambo ya ajabu: Ulaya imejaa Wakongomani, na muziki wao mkubwa hauna jukwaa.

Kwa hiyo ule usiku wa 2020 haukuwa konseri ya kawaida. Hata sisi wenye hatujawahi kukanyaga ndege, tuliona kama ni mtu wetu anarudi nyumbani.

Picha ya kwanza iliyoingia kwenye telefone ilikuwa moshi. Karibu na Gare de Lyon, pale pale jirani na Bercy, pikipiki na magari yanawaka, abiria wanakimbia na mizigo yao. Mmoja wetu akasema: "Basi, na leo haimbi." Tukakaa kimya. Mega zilikuwa zinaisha na hatukujua kama tuchange zingine au tulale.

Halafu video fupi zikaanza kuingia, zile za watu walio ndani, zinatingishika, sauti imepasuka. Alikuwa jukwaani. Alikuwa anaimba, na ukumbi unaimba naye. Tulipiga kelele mpaka mama mwenye nyumba akatoka na kitambaa kichwani kuuliza kama Mazembe imeshinda.

Lingala yetu hapa Kasomeno haiko nzuri, tunakubali. Sisi ni watoto wa Kiswahili. Lakini zile nyimbo tunazijua toka mwanzo mpaka mwisho, juu zimepigwa kwenye ndoa za yaya zetu, kwenye taxi, kwenye saluni, na hata kwenye kilio, saa ile ya usiku wa manane wakati watu wamechoka kulia na mtu anaweka muziki pole pole ili wasisinzie. Mtu kama huyo akifungiwa mlango, unasikia kama na wewe umefungiwa.

Ni pale ugomvi ulianza.

Yaya mmoja wetu hakupiga kelele. Alikuwa amekaa pembeni na mikono yake imefungwa kifuani. Siku tatu tu mbele ya ile konseri tulikuwa tumekumbuka Rossy Mukendi, mwenye alipigwa risasi tarehe 25 Februari 2018 kwenye parokia ya Saint-Benoît, kule Lemba, Kinshasa, siku ya maandamano. Yaya akatuuliza swali moja: "Siku Rossy alikufa, hawa baimbaji bote balikuwa wapi? Nani aliimba juu yake?" Mdogo mmoja akamujibu: "Yaya, baache mutu aimbe. Kuimba haiko zambi." Yaya akasimama, akavaa viatu vyake, akaenda. Ilichukua wiki nyingi mbele ya kurudi kwenye mikutano.

Tumefikiri sana juu ya ule usiku. Leo tunasema wazi msimamo wetu: Yaya alikuwa na haki ya kuuliza swali lake, na combattants walilijibu vibaya.

Swali ni la haki kabisa. Muimbaji mkubwa ana mdomo unaosikika kuliko wa wabunge wengi. Akitaja jina la mkubwa ndani ya wimbo, jina lile linaingia kwenye kila nyumba. Sisi wote tunajua mabanga, tunajua kwamba jina halitajwi bure. Mtu mwenye anaweza kutaja jina la tajiri mara ishirini kwenye wimbo mmoja, anaweza pia kutaja jina la kijana mmoja aliyeuawa. Tuko na haki ya kumuuliza, na kumuuliza tena, na kuacha kununua kazi yake kama jibu halitupendezi. Hiyo ni silaha ya raia, na haimwagi damu.

Lakini angalieni lile jibu la moto lilileta nini. Mwenye pikipiki iliyochomwa kule Gare de Lyon hakuwa waziri wa Kongo. Na Kabila alikuwa ameshaondoka kwenye kiti tangu Januari 2019, mwaka mzima na zaidi mbele ya ule moshi. Katika miaka karibu kumi ya kuvunja konseri, ni afisa gani alipoteza kazi yake? Ni familia gani ya mashariki ilipata haki? Wenye walipoteza ni wapenzi wa muziki, na wapiga gitaa, wacheza ngoma, watu wa sauti, wale wadogo wa nyuma ya jukwaa wenye hawana hata mtu mmoja wa kuwatajia jina. Hasira ilikuwa ya kweli, lakini ilibisha kwenye mlango ulio karibu na kuacha mlango wa mwenye deni.

Sasa tuje kwenye tarehe yetu, juu ndiyo inaonyesha mlango wa mwenye deni uko wapi.

Tarehe 29 Oktoba 2022, Fally aliimba nyumbani, Kinshasa, Stade des Martyrs. Uwanja ule unahesabiwa kuwa na nafasi 80,000. Hakukuwa combattant wa kuzuia njia, hakukuwa moto wa pikipiki. Kulikuwa furaha tu. Watu walizidi nafasi, wakasongamana, na 11 wakafa, kati yao polisi 2. Walikuwa wametoka nyumbani wamevaa vizuri. Walikuwa wameenda kuona mtu wanayempenda.

Mwaka mmoja na kidogo baadaye, tarehe 25 Novemba 2023, Fally huyo huyo aliimba Paris La Défense Arena, ukumbi wa watu karibu 40,000. Ulijaa. Watu waliimba, wakacheza, wakatoka, wakapanda treni, wakarudi kwao.

Tunaomba musome tena hizo habari mbili, moja kando ya ingine. Muimbaji ni mmoja. Nyimbo ni zile zile. Wapenzi ni Wakongomani wale wale, na wengi wao ni wandugu wa tumbo moja, huyu amebaki Kinshasa, huyu yuko Paris. Kwa hiyo wale wanaotuambia kila mara kwamba Mkongomani hana nidhamu, kwamba tunakufa juu tunapenda kusukumana, watueleze vizuri: nidhamu yetu inapatikana kwenye ndege au namna gani? Tofauti ilikuwa kwenye milango. Mahali pamoja kuna mtu aliyehesabu wenye kuingia na akasema sasa inatosha. Mahali pengine, idadi ikapita nafasi.

Na haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa nne 2014, Kikwit, kwenye konseri ya kumukumbuka King Kester Emeneya, umeme ulikatika, watu wakakimbilia kutoka gizani, zaidi ya 10 wakafa. Mwezi wa tano mwaka ule ule, Stade Tata Raphaël, Kinshasa, mechi ya V.Club na Mazembe yetu: fujo ilianza, polisi ikatupa gesi ya machozi, watu 15 wakafa. Halafu 2022. Halafu tarehe 27 Julai 2024, siku ya posho, tena Stade des Martyrs, tena konseri, mara hii ya Mike Kalambayi mwenye anamuimbia Mungu: wasiopungua 7. Kwa hiyo wale waliosema ni adhabu ya muziki wa dunia, wanyamaze.

Wenye wanajua mambo ya umati wanaeleza hivi. Watu wakifika watano au sita kwenye mita moja ya mraba, kila mtu hana tena nguvu juu ya mwili wake. Unasukumwa hata kama hausukumi. Wengi hawafi kwa kukanyagwa, wanafa wamesimama, juu kifua kimebanwa na hakipati nafasi ya kupanuka kuvuta pumzi. Aliye nyuma anasikia muziki, anataka kukaribia, hajui kwamba mbele mtoto wa mtu anakata roho. Ndiyo maana hakuna faida ya kumulaumu aliye nyuma. Mwenye kuona umati wote ni yule aliye juu, mwenye redio ya kuongea na mwenye ufunguo wa mlango. Na ukitupa gesi ya machozi mahali ambapo mlango umefungwa, umewaambia watu wakimbie na umewanyima mahali pa kukimbilia.

Kule Kikwit giza liliua. Tata Raphaël, gesi ilitupwa kwa watu waliobanwa. Stade des Martyrs, idadi ilizidi. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo kazi ya muimbaji peke yake. Ni kazi ya mwenye kupanga konseri, ya mwenye uwanja, ya polisi na ya serikali inayotoa ruhusa. Mwenye deni anakaa pale. Na pale hatujawahi kwenda kwa wingi ule tunaoendea kuangalia konseri.

Wandugu wa Lubumbashi, msiseme hayo ni mambo ya Kinshasa. Huu mji ni mji wa muziki toka zamani. Sisi wote tunalijua gitaa la Jean-Bosco Mwenda, gitaa ambalo mpaka leo watu wa mbali wanajifunza namna vidole vyake vilikuwa vinatembea, na aliimba kwa Kiswahili hiki chetu. Lakini leo mtoto wa Kasomeno akitaka kuona muimbaji anayempenda akiimba mbele ya macho yake, aende wapi? Jengo tunaloliita Bâtiment du 30 Juin lilijengwa liwe théâtre ya mji, na leo ni makao ya bunge la mkoa. Uwanja wa Mazembe pale Kamalondo uko na viti 18,500, na ulijengwa kwa ajili ya mpira. Mji una watu mamilioni. Kwa hiyo siku muimbaji mkubwa atakuja hapa, hesabu mnaiona wenyewe: wenye hamu ni wengi, nafasi ni kidogo, na mlango ndio utaamua nani anarudi nyumbani.

Hatutaki kungoja siku ile ndipo tuanze kuongea. Kwa hiyo tunasema sasa.

Kwa wenye kupanga konseri: idadi ya tiketi isipite idadi ya nafasi, na idadi hiyo itangazwe mbele, kwenye redio na kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, ili kila mtu aweze kuuliza. Milango yote ya kutokea ibaki wazi au iwe na mtu mwenye ufunguo, na jina la mtu huyo lijulikane. Kuwe na jenereta ya pili kwa taa za njia ya kutokea, hata kama ya jukwaa itazimika. Kuwe na maji, na watu wa Msalaba Mwekundu, na gari la kupeleka wagonjwa lenye njia isiyozibwa na magari ya wakubwa.

Kwa polisi na serikali ya mkoa: gesi ya machozi isitupwe kwenye uwanja wenye watu waliobanwa, iwe konseri, iwe mpira. Tata Raphaël ilishatufundisha kwa bei ya watu 15. Na kama watu wamekufa, ripoti itoke na isomwe mbele ya wote. Familia ziko na haki ya kujua nani alikuwa na ufunguo.

Kwa waimbaji wetu tunaowapenda: tulipiga kelele ya furaha mliporudi, na tutapiga tena. Lakini upendo huu unawadai kitu. Mbele ya kupanda jukwaani, ulizeni kama milango iko wazi. Andikeni jambo hilo kwenye mkataba wenu, kama mnavyoandika hoteli na gari. Mkiona umati umebana mbele, simamisheni wimbo. Tutangoja, tunajua kungoja. Na kati ya yale majina mengi mnayoyataja, siku moja tajeni hata jina moja la mtu aliyekufa akija kuwaona. Hakuna mtu atawalipa kwa jina lile, na ndiyo sababu tutalisikia.

Kwa sisi wenyewe: tuache kujisifu. Tunajuana. Kati yetu kuna wenye walishawahi kuruka ukuta ili kuingia bila tiketi, na tukacheka nao kesho yake kana kwamba wameshinda kombe. Kila mwenye kuruka ukuta ni mtu mmoja asiyehesabiwa, na umati usiohesabiwa ndio unaoua. Hatuwezi kudai wakubwa wahesabu watu vizuri kama sisi tunapita dirishani.

Sasa turudi kwa wale wanaosema tunapoteza wakati na muziki. Nchi yetu ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Wengi wanaosoma maneno haya walikuwa hawajazaliwa. Hakuna mtu wa serikali anayeweza kutuambia kwa uhakika tuko wangapi. Shule inajengwa kwa kukisia, dawa zinatumwa kwa kukisia, uchaguzi unaandaliwa kwa kukisia. Uwanja uliojaa kupita nafasi ni picha ndogo ya nchi hiyo hiyo: watu wanaingia, hakuna anayewahesabu, na siku wakifa ndipo tunapata hesabu yao kamili, 11, 15, 7. Tunakataa kuhesabiwa kwa mara ya kwanza tukiwa ndani ya sanduku. Hapo ndipo muziki na mapambano vinakutana, na hatukutoka njiani hata kidogo.

Yaya alirudi kwenye mikutano. Tarehe 30 Oktoba 2022, habari ya Kinshasa ilipofika, ni yeye alikuja wa kwanza, mbele ya jua kuwaka. Hakusema "niliwaambia". Alikaa kwenye kile kiti, akaomba aone video, akaangalia mpaka mwisho, halafu akasema: "Hawa balienda kufurahi tu." Tangu siku ile hatujabishana tena kama ni halali kumpenda muimbaji.

Kwa hiyo tarehe 29 tutakutana, kama kawaida, Kasomeno, mbele ya jua kuzama. Tutaweka muziki, sauti ya kadiri, kama kwenye kilio. Halafu tutaandika pamoja barua ya haya madai yetu, na kesho yake tutaipeleka kwa mguu, bila jiwe, bila moto, tukiwa wengi. Mwenye kuweza aje. Mwenye yuko mbali aandike barua yake na aipeleke kwa wakubwa wa mji wake.

Na siku muimbaji tunayemngoja atakuja Lubumbashi, tutakuwa pale, na tiketi mkononi, na sauti zetu zote. Tutaangalia mlango kwanza. Halafu tutaimba.

Vijana wa Kasomeno, Lubumbashi